Shangazi katika Behewa la Nyuma

Mwanangu, iko siku moja ambayo kila nikiikumbuka natamani ardhi inimeze. Nilikuwa msichana, mwanafunzi hapa hapa London. Shangazi Mwanaidi, dada yake baba, ambaye ndiye aliyenilea, alikuja kutoka Tanga, tukaenda Marekani kumwona mwanawe. Kurudi, tulipanda treni Chicago kwenda New York kupanda ndege. Safari ya kulala njiani.

Shangazi alijifunga kanga yake, akafungua chakula, akawa anawakaribisha abiria kwa sauti, kwa Kiswahili, kama yuko ukumbini kwake. Jirani zetu walikuwa vijana wanafunzi wa rika langu, wachangamfu. Nikaona haya. Nikamwambia, "Shangazi, behewa la nyuma lina nafasi. Nenda ukajinyooshe."

Akaenda. Asubuhi wale vijana waliniuliza kama yule mama ni wangu. Nikasema simjui.

Mchana tulifika Albany. Hapo treni ile hukatwa: mabehewa ya mbele huenda New York, ya nyuma huenda Boston. Na kichwa cha treni hubadilishwa pia, maana cha dizeli hakiruhusiwi kuingia na moshi wake kwenye mahandaki ya New York. Walitangaza yote hayo, kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nacheka na wenzangu, wala sikukumbuka kwamba nimemweka shangazi kwenye behewa la Boston.

Kichwa kilipofunguliwa taa zilizimika, tukashuka kupunga upepo. Nikamwona kondakta anakuja amemshika shangazi mkono, tiketi yake ya New York mkononi, akiuliza kila mtu, "Nani yuko na mama huyu?" Shangazi akaniona, uso ukamng'aa, akaninyooshea kidole. Kondakta akanigeukia. Wale vijana nao wakanigeukia.

Nikatikisa kichwa.

Shangazi hakujua Kiingereza, lakini hilo alilielewa. Alinitazama kidogo, kisha akashusha mkono wake taratibu, akamtikisia kondakta kichwa naye, kama mtu aliyefananisha. Alinisitiri, mwanangu. Mbele ya watu niliowaogopa, alinisitiri.

Kondakta akampandisha behewa letu, akamkalisha kiti cha mwisho. Njia nzima sikuthubutu kugeuka.

New York, vijana waliposhuka wakaniaga na kupotelea kwenye umati, nilimkimbilia nikashika begi lake. Akasema kwa adabu kabisa, "Ahsante, binti. Watu wa wapi nyie?"

Nililia pale pale, watu wakipita. Nikasema kwa sauti, "Mimi mtoto wa kaka yako, shangazi. Nisamehe."

Alinifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Nimekusamehe. Lakini leo umenifanya mgeni kuliko ugenini kwenyewe." Hakulitaja tena hadi alipofariki. Mimi ndiye nisiyeweza kulinyamazia.

Jana kwenye basi, hapo Barking, nilikuita kwa Kiswahili, ukageuzia uso dirishani. Sikukasirika. Niliijua ile shingo.

Basi nakuusia, mwanangu: usimkane mtu wako ili upendwe na watu mtakaoachana kituo kinachofuata. Ukiitwa, itika, kwa lugha yoyote uliyo nayo. Na ukishakosea, rudi upesi, angali hai wa kukusikia.

Mungu akulinde, akupe ulimi usioionea haya lugha ya kwenu, na kila uendako pasikosekane wa kusema: huyu ni wangu. Amina.