Mama wa Makoti

Mama anayepokea wageni katika mji huu wa kaskazini mwa Ontario hufika uwanjani kabla ndege haijatua, amekumbatia makoti mazito ya watu asiowajua. Clarisse, mzungumzaji wa Kifaransa aliyetoka Ouagadougou, Burkina Faso, na mwanawe mdogo, alimkuta hivyo. Vidole vya mama huyo vimepindishwa na baridi yabisi, lakini zipu ya koti la mtoto hamwachii mtu. Huipandisha mwenyewe hadi kidevuni. Sauti yake inakwaruza, na wimbo wake ni mmoja: "Hapa kwetu mtaishi kwa Kifaransa, binti yangu. Kanisani, shuleni, dukani. Sisi wa Kifaransa tumebaki wachache, tunawahitaji." Huyasema hayo akikata pai ya nyama, huyasema akiendesha gari kwenye theluji, kama mtu anayeogopa kunyamaza.

Jumamosi moja aliwapeleka Clarisse na mtoto kununua viatu vya baridi. Walipofika kwa muuzaji, yule mama akageuza ulimi papo hapo, akasema Kiingereza. Dada wa dukani akajibu kwa Kiingereza, bila kuinua macho. Clarisse akacheka.

"Mama we! Si ulisema hata dukani ni Kifaransa? Au huyu ni mgeni kuliko mimi?"

Yule mama alikuwa akivipanga viatu ndani ya mfuko.

"Huyo ni kitindamimba wangu," alisema. "Kifaransa alikijua, alipokuwa na umri wa huyu wako."

Clarisse akamvuta mwanawe karibu. Mtoto alikuwa akiyarudia maneno ya Kiingereza ya yule dada, moja baada ya jingine, kwa furaha.