Mikono ya Fengju katika Kitabu cha Wifi Yake

Siku watu wa ofisi ya utamaduni ya wilaya walipokuja, Luan Fengju alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwamuru. Kwenye kitanda cha matofali, upande ule unaopata joto la jiko kwanza, alikaa wifi yake, Tong Yaqin, miguu ameikunja, kisahani cha mbegu za alizeti mapajani. Katika nyumba za Wamanchu wa zamani chini ya mlima Yiwulü, binti wa nyumba hukaa na mke wa kaka husimama. Binti huyo hata akiolewa, siku akirudi kusalimia, heshima yake huikuta ilipo. Yaqin alikuwa mdogo kwa Fengju kwa miaka mitano. Fengju alikuwa na miaka hamsini na tisa, na amesimama hivyo, birika mkononi, tangu alipoletwa bibi harusi mwaka 1967.

Yeye mwenyewe ni Mhan, si Mmanchu. Babu yake alihama kutoka Shandong wakati wa njaa, na mama yake alikuwa fundi wa kukata maua mekundu ya kubandika madirishani, yenye kingo za meno membamba kama ya kitana. Fengju alikuja na ufundi huo kwa mumewe. Mama mkwe, bibi Suo, aliyatazama maua yake ya kwanza muda mrefu, akasema, "Mkono upo. Sasa tutafute kichwa."

Kichwa, kwa bibi Suo, kilikuwa wazee wa karatasi. Hawa ni mababu wa Kimanchu: wanakutazama usoni, mikono imening'inia, wanaume wana msuko mgongoni na wanawake nywele zimepandishwa juu kama paa. Karatasi hukunjwa mara moja tu, mkasi huanzia miguuni, na hakuna kuchora. Pua hukatwa pembetatu, ikainuliwa kwa ukucha ili isimame. Wazee hawa huwekwa ukuta wa magharibi, na ukuta huo haubandikwi majogoo wala maua.

Lakini miaka ile serikali ilipiga vita mambo ya kale, na kuwa na babu ukutani kulikuwa kosa la kumpeleka mtu mkutanoni kuaibishwa, kofia ya karatasi kichwani. Bibi Suo alifundisha kwa maganda ya mahindi. Waliketi karibu na jiko, na kila hatua ikisikika uani, mababu waliingia motoni. Fengju alijifunza hivyo majira tisa ya baridi, akikata vitu ambavyo havikuwahi kumaliza usiku. Yaqin hakufundishwa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tano mwenye kitambaa chekundu mkononi, akizunguka na wenzake kubomoa mambo ya kale, na mama yake alimwogopa. Hata pasipo hayo asingefundishwa. Binti huondoka, anayebaki na ukuta ni mke aliyeletwa. Bibi Suo naye aliletwa, na aliyemfundisha yeye aliletwa.

Bibi alifariki mwaka 1989. Baada ya hapo ndipo walimu wa mjini walipoanza kupita vijijini wakiuliza habari za mababu wa karatasi, na ndipo Yaqin alipoanza kuja kuchukua violezo. Kiolezo hutengenezwa kwa moshi: unalowesha karatasi nyeupe, unalaza kikato juu yake, unaipitisha juu ya koroboi, kisha unakiondoa kikato. Umbo hubaki jeupe katikati ya masizi. Mwenye kiolezo anaweza kuufuata mstari hata kama hajui unakwenda wapi. Fengju alimpa vingi, hata vyenye meno ya mama yake mzazi kwenye pindo la joho. Angemnyimaje wifi?

Sasa wageni walikuwa ndani, wawili: kijana mwenye miwani aitwaye Ning, na mpiga picha. Kinasa sauti kiliwekwa juu ya kimeza, kando ya matunda ya pea yaliyogandishwa, na mume wa Fengju alikaa karibu na mlango.

"Mama Tong," Ning alimwambia Yaqin, "tunaomba utukatie mzee mmoja. Bila kiolezo."

Yaqin alicheka. Ana kicheko kizuri, kila mtu kijijini anakipenda. "Mwanangu, vidole vyangu leo ni karoti za kwenye theluji. Wifi, hebu anza wewe, mimi niwaeleze."

Fengju aliweka birika chini, akafuta mikono, akachukua mkasi. Yaqin akaeleza. Alieleza vizuri kuhusu msuko, kuhusu ukuta wa magharibi, kuhusu mama yake. Mpiga picha alipiga uso wa Yaqin, kisha akashuka akapiga mikono inayokata, karibu kabisa, kwa sababu mikono ya Yaqin ilikuwa na mbegu.

Ning aligeuka. Alikuwa kijana makini, na aliuliza alichotakiwa kuuliza. "Na wewe mama, unakata pia?"

"Mimi?" Fengju alisema. "Mimi namshikia wifi karatasi tu."

Mwanamke yeyote aliyeletwa katika nyumba ile angejibu hivyo. Jibu hilo lina nusu ya pili, na nusu hiyo si yake kusema. Mke wa kaka hujishusha, na binti wa nyumba humwinua: msimsikilize huyu, fundi ndiye yeye. Ndivyo ilivyokuwa kwa chakula, kwa nguo zilizoshonwa, kwa watoto waliozaliwa. Fengju alisimama akingoja nusu yake.

Yaqin alipasua mbegu kwa meno. "Ananisaidia sana," alisema.

Kitabu kilitoka majira ya pea kuchanua. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa wa Tong Yaqin, mrithi wa sanaa ya ukoo wa Tong, aliyefundishwa na mama yake tangu akiwa na miaka saba. Juu uso wake, chini mikono. Mkono wa kushoto ulikuwa na kovu la mundu kwenye kidole gumba. Fengju alilijua kovu hilo kwa kuwa lilikuwa linakishika kitabu.

"Ulisema mwenyewe," mumewe Delu alimwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye supu ya kabichi chachu. "Mimi nilikuwepo. Ulisema unashika karatasi."

"Na wewe mdomo wako ulikuwa wapi?"

"Mama Jun, yule ni dada yangu."

Alikwenda kwa Yaqin mchana huohuo, kitabu kwenye mfuko wa plastiki.

"Umekileta nikitie sahihi?" Yaqin alisema. "Picha imenitoa mnene."

"Wifi, hii mikono ni yangu."

"Nani kasema si yako? Hawakuandika mikono ya nani. Wameandika jina la nyumba."

"Wameandika jina lako."

"Na jina langu si Tong? Wewe ni Luan. Ulitaka waseme mababu wa Kimanchu wametoka Shandong kwenye kifurushi cha mkimbia njaa?"

"Mama alinifundisha mimi. Alipokuwa anawachoma jikoni, wewe ulikuwa nje unapiga ngoma."

Kicheko kilikatika. "Nilikuwa na miaka kumi na tano, wifi." Alilifuta jalada la kitabu kwa kiganja, ingawa halikuwa na vumbi. "Na siku ile nani alikuziba mdomo? Uliulizwa, ulimi unao."

"Nilikungoja wewe useme."

Yaqin alielewa. Fengju aliona kwamba ameelewa, kwa sababu alitazama dirishani. Kisha kile kicheko kikarudi. "Ningesemaje, watu wameshanipiga picha? Sikiliza, nitakuandikisha mwanafunzi wangu wa kwanza. Ofisi inataka orodha. Mwanafunzi wa miaka sitini, utawachekesha."

Siku ya tatu Fengju alipanda basi la asubuhi kwenda mjini. Hakumwambia Delu. Katika njia nzima alipanga maneno, na alipofika kwa Ning aliyasema yote kwa mpangilio: bibi Suo, maganda ya mahindi, koroboi, kovu. Alitaka kitu kimoja, kwamba jina lake liandikwe mahali lilipostahili, liwe la aliyefundishwa na Suo.

Ning alimpa chai, akasikiliza hadi mwisho, akafungua droo. Sauti iliyotoka kwenye kinasa ilikuwa nyembamba, na nyuma yake maji yalichemka. *Mimi namshikia wifi karatasi tu.*

"Ni wewe, mama?"

"Ni mimi."

"Basi nisaidie. Ulinidanganya siku ile, au unanidanganya leo?"

Fengju alijaribu kumweleza habari ya nusu ya pili. Ning alikuwa mtoto wa mjini, mama yake mwalimu, nyumbani kwao kila mtu hukaa. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayeelezwa kwa nini treni ilichelewa.

"Nipe karatasi," Fengju alisema.

Alikata mbele yake, juu ya meza ya ofisi, kwa mkasi wa kufungulia bahasha. Alikata bibi mwenye nywele za paa, na kwenye pindo la joho lake akaweka meno membamba ya mama yake mzazi, ambayo hayakutoka kwa Tong yeyote. Haikuchukua dakika tano. Alipokunjua karatasi, Ning alivua miwani, akasogea, akainamia.

"Aisee," alisema polepole. "Na hili pindo. Tuliliandika kitabuni, kwamba ndiyo alama yake ya pekee." Alimtazama Fengju kwa heshima ya kweli, ya kwanza tangu aingie. "Wifi yako amekufundisha vizuri sana."

Nje mtu alikuwa anafagia sufi nyeupe iliyodondoka kutoka mti wa mwerebi. Fengju alikusanya vipande vilivyoanguka mezani, akavitia kiganjani, hakuona pa kuvitupa.

Ning tayari alikuwa amemlaza yule bibi ndani ya jalada la plastiki. Akachomoa fomu, akaandika tarehe na namba. "Kitu hiki lazima kiingie kwenye kumbukumbu. Ila hakiwezi kukaa bila jina la aliyekikata. Mama Yaqin alishaleta orodha yake jana, na wewe umo, wa kwanza. Ukiweka sahihi hapa, kitakuwa chako. Usipoweka, itabidi nikiandike cha mwalimu."

Fengju aliisoma fomu taratibu, kidole kikipita chini ya kila neno, kwani alisoma madarasa manne tu. Mwalimu: Tong Yaqin. Mwanafunzi, na baada yake mstari mtupu.

Aliisoma tena. Kisha akaomba kalamu, akaandika Luan Fengju kwenye mstari ule, herufi kubwa kubwa, akamrudishia Ning karatasi yake.