Asubuhi Walipotokea Nyuma ya Mwezi

Kwa wakwe zangu, mkwe wa kiume hatazamani na mama mkwe mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Mimi nauza maharage sokoni Songea. Kazi yangu ni kumtazama mtu usoni nijue bei yake ya mwisho, kwa hiyo desturi hiyo ilinitesa tangu siku ya posa. Mama yule nilimjua kwa kisogo.

Asubuhi ile ya Aprili tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, yeye mwisho huu, mimi mwisho ule, katikati chupa yake ya chai. Nilipofika niliuamkia ukuta, naye akaitikia akiielekea chupa. Mke wangu alikuwa ndani. Uchungu ulimshika tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya, na daktari alituambia wazi kwamba atajaribu kuwaokoa wote wawili. Neno "kujaribu" nalijua. Ndilo ninalompa mteja anayeomba punguzo nisilokusudia kulitoa.

Mvua ilikuwa imekata, milima ya Matogoro bado imejifunika ukungu. Niliwahesabu waliotoka kwenye ule mlango, nikarudia, na hakuna aliyekuja kwetu. Nikatoa simu nipate pa kuweka macho. Habari zilikuwa za watu wanne waliopita nyuma ya mwezi usiku wa kuamkia siku hiyo.

"Chupa," alisema mama mkwe, "hebu muulize huyo, anasoma nini na hali yenyewe ndiyo hii?"

Nikaijibu chupa kwa adabu zote. Nikasema kuna watu wamekwenda kuuzunguka mwezi, wanaume watatu na mwanamke mmoja.

"Mwanamke? Mama yake karuhusu?"

"Sijaona walipoandika, mama."

"Hawajaandika kwa sababu hawakumuuliza."

Nikaendelea. Walipopita upande wa pili, mwezi wenyewe uliziba mawasiliano, na kwa muda kama wa dakika arobaini hakuna mtu duniani aliyesikia sauti zao. Hapo nikanyamaza. Nimezoea kutoa mzigo kidogo kidogo ili mteja asiondoke, na mlango ule haukuwa na dalili ya kufunguka.

"Mwambie asinifanyie biashara hapa. Walitokea?"

"Walitokea, mama. Wote wanne. Wako njiani kurudi."

Akashusha pumzi. Akauliza, taratibu, "Na mama wa yule binti, muda wote huo alikuwa amekaa wapi?"

Hilo nalo halikuandikwa. Nikasikia chai ikimiminwa, kisha kikombe kikasukumwa juu ya benchi mpaka karibu na paja langu. Alikuja na kikombe kimoja tu.

Sijaimaliza chai, nesi akatoka.

"Mama yuko salama," alisema. "Mtoto alikuwa wa kiume. Alipumua kidogo tu, tumejitahidi, ameshindwa. Poleni sana." Akatuacha tuyapokee hayo, kisha akaongeza, "Mzazi yuko macho, anaulizia watu wake. Aingie mmoja kwanza."

Maishani sijawahi kukubali jibu la kwanza. Hilo nililikubali bila kuomba tuingie wawili. Nikasogea nimpishe mama, maana binti ni wake. Macho nikayaweka sakafuni kama kawaida, nikiwaza kwamba kisogo kile nitaendelea kukitazama mpaka Mungu apende.

Nikaona kandambili zake zimesimama mbele ya viatu vyangu.

"Nitazame," alisema, na hakuwa akiiambia chupa.

Nikainua uso. Macho yake yalikuwa yale yale ya mke wangu, mekundu, makavu.

"Mtoto amezaliwa," alisema. "Umesikia? Amezaliwa. Ingia wewe, ukamwambie mwenzio nimesema hivyo."