Mkamwana na Magoti Yangu

Mimi ni mtu wa hasira, na tangu nianguke, hasira ndiyo kitu pekee mwilini mwangu kinachosimama bila kushikiliwa. Nilianguka kutoka juu ya paa la nyumba yangu mwenyewe, hapa Ringwani, nikipigilia bati kabla ya mvua. Bati lilikuwa na umande. Mgongo ulivunjika chini ya mbavu, na kuanzia kiunoni kushuka sina habari na miguu yangu. Ipo, naiona, lakini hainijui.

Hospitalini tulikabidhiwa kwa dada wa mazoezi, binti mwembamba mwenye mikono ya nguvu. Alitueleza, mimi na mke wangu, kwamba miguu isiyotembea inakwisha polepole: nyama zinasinyaa, magoti yanajikunja, na mfupa usiobebeshwa uzito unakuwa mwepesi kama bua la mtama. "Maksai asipofungwa nira muda mrefu, mzee, si anasahau kazi?" akaniuliza. Nikamjibu kuwa maksai wangu hawasahau. Mke wangu akanikanyaga mguu kunionya, kisha akakumbuka kuwa sisikii, akanifinya bega.

Dawa yake ilikuwa kunyooshwa magoti na nyayo kila asubuhi, halafu kusimamishwa kwenye fremu nimefungwa mikanda, ili mifupa ibebe uzito. Akaonya mambo mawili. Mfupa wangu unaweza kuvunjika kwa jambo dogo na nisisikie maumivu yoyote, nitaona uvimbe na joto tu. Na magoti yakishakakamaa, hakuna fremu itakayonipokea tena. Nitakuwa mtu wa kukaa na kulala mpaka nizikwe. Hilo la pili liliniingia. Nilitaka niwe nasimama, hata kwa kufungwa, niangalie ng'ombe wangu wakitoka zizini nikiwa na urefu wa mwanamume.

Fundi seremala alinitengenezea fremu ya mkaratusi, tukaiweka uani. Mikanda ilikuwa ya mipira ya ndani ya tairi: mmoja magotini, mmoja matakoni, mmoja kifuani. Mke wangu alinifunga kila asubuhi huku akinitania, na wapita njia nao hawakukosa neno. "Mzee, leo unachanjwa kama ng'ombe?" Nilitamani ardhi ipasuke. Mfuko wa mkojo ulining'inia pajani ndani ya kaptura, na niliona kila jicho linautazama huo tu. Nikimlalamikia mke wangu anasema, "Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa, tulia." Basi natulia.

Kisha mama mkwe wangu akaugua kule Nyamongo, mke wangu akalazimika kwenda kumuuguza. Nyumbani tungebaki mimi na mkamwana wangu, maana mumewe, mwanangu, naye yuko huko huko Nyamongo anachimba dhahabu.

Kwetu Wakurya mkamwana na baba mkwe hawachezeani. Hatupeani mkono. Haingii chumbani kwangu, hapiti nyuma ya kiti changu, na mwili wangu hauoni hata kwa bahati mbaya. Huyu binti amekaa kwangu tangu aolewe, na sidhani kama alikuwa amewahi kunitazama usoni. Anapiga magoti mlangoni, anainamisha kichwa, "Shikamoo, tata," anaweka chakula kwenye kigoda, anaondoka. Tata, yaani baba. Ndiyo heshima, na mimi niliipenda.

"Mkamwana atakusimamisha," mke wangu akasema akifunga mzigo.

"Anishike mapaja? Thubutu! Bora nioze."

"Utaoza kweli. Basi nitamwambia ndugu yako."

Mdogo wangu anakaa ng'ambo ya kijito. Alikuja, akanisimamisha asubuhi kadhaa huku akitazama mawingu, kwa sababu msimu wa kupanda ulikuwa umefika. Mvua ikanyesha. Akawa anakuja kwa kuruka siku, halafu akawa haji. Nikaona aibu kumwita. Mtu mzima utamwita mwenzako aache jembe aje akufunge matakoni?

Mke wangu akipiga simu nilisema tunaendelea vizuri. Magoti nayo yakaanza kujikunja, hasa la kushoto. Nikilisukuma kwa mkono linashuka kidogo, linarudi. Niliogopa, jamani. Niliogopa kuliko siku ile niko chini ya ukuta nimetoka kuanguka. Na mkamwana alikuwa hapo hapo uani, ana mikono miwili mizima, anapepeta mahindi.

Siku ya mnada, majirani wote wakiwa wameshuka mnadani, nikaamua kujisimamisha mwenyewe. Mikono yangu ina nguvu. Nilisogeza kiti cha magurudumu mpaka kwenye fremu, nikashika mti wa juu, nikajivuta. Nikainuka! Nikaona mgongo wa fahali wangu zizini. Hapo hapo kiti kikarudi nyuma, mguu wa kushoto ukabaki umenaswa kwenye kikanyagio, mwili ukaenda upande mwingine. Nilisikia mlio, kak, kama unavunja kuni kavu. Maumivu, hakuna. Nikawa chini kwenye tope, kaptura imeshuka magotini, mfuko wa mkojo umepasuka.

Mkamwana akatoka jikoni mbio. "Usije!" nikapiga kelele. "Geuka!" Akageuka papo hapo, akasimama amenipa mgongo, mwiko wa ugali mkononi.

"Umeumia, tata?"

"Sijaumia. Leta blanketi, litupe."

Akaenda, akarudi kinyumenyume, akalitupa kwa nyuma bila kutazama. Likaangukia kuku. Akaliokota akipapasa, akatupa tena, likaangukia fremu. Leo naweza kucheka, lakini siku ile nilikuwa nasaga meno. Akaita majirani, hakuna aliyeitika. Jua lilikuwa linanichoma tumboni.

Kisha akavua kanga ya begani, akajifunga machoni, fundo kisogoni, akaja kwangu akipapasa hewa.

"Niambie ulipo, tata."

Nikamwelekeza. Kushoto. Shuka. Hapo. Alinishika makwapani kwanza, akashindwa, mimi ni mzito. Akashuka miguuni, akaikamata yote miwili, akanivuta mpaka kwenye kiti. Niliuona mguu wa kushoto unajipinda mahali pasipo na kiungo. Niliuona kwa macho yangu. Ningesema, "Acha, umevunjika," ingebidi afungue macho, aangalie paja la baba mkwe wake. Sikusema. Akanipandisha kwa shida, akapapasa, akanifunika, ndipo akafungua kanga akiwa ameshanipa mgongo tena.

Nikakaa na mguu wangu chini ya blanketi. Ukavimba. Ukawa na joto mpaka mkono wangu ukashtuka. Homa ikanipanda, natetemeka kwenye jua. Alipoleta uji asubuhi ya pili hakuondoka. Alibaki amepiga magoti mlangoni.

"Tata, unyayo wako unaangalia ukutani."

"Toka."

Hakutoka. Aliingia chumbani, macho wazi, akafunua blanketi bila kuomba ruhusa. Paja lilikuwa jeusi. Akaweka mikono kichwani akalia kwa sauti kama msibani, na kilio hicho ndicho kilichowaleta watu na bodaboda ya kutafuta gari.

Hospitalini picha ilionyesha mfupa umekatika na vipande vimepishana. Mke wangu na mwanangu walifika kutoka Nyamongo, na tayari maneno yalikuwa yametembea: mkamwana amemgusa mzee, mwiko umemla. Alikuwa amekaa sakafuni kwenye korido, hajala. Mwanangu aliponiuliza imekuwaje, yeye akatangulia kujibu.

"Ni mimi nimemvunja tata. Nilimvuta sioni."

Watu walikuwa wengi kwenye ile korido. Wagonjwa, wauguzi, na mama mmoja wa kijijini kwetu ambaye mdomo wake haufungwi. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie.

"Ulikuwa umevunjika kabla hajaja. Niliusikia. Nilikuwa uchi kwenye mkojo wangu, na huyu mtoto akajifunga macho ili anisitiri. Aliponivuta niliona mguu unapinda, nikanyamaza."

Mwanangu akatazama chini. Yule mama wa kijijini akajikohoza. Uso uliniwaka, na sikuwa na blanketi la kuufunika.

Nilikaa na plasta muda mrefu. Ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba kama wa mtoto wa mbuzi, na goti lilikuwa limekunjika nusu, halishuki. Dada wa mazoezi akalijaribu huku na huku. Akasema linaweza kurudi, ila linyooshwe kila siku, taratibu, bila kuruka. Lisiponyooshwa, fremu yangu niwape kuku walalie.

"Nyumbani nimfundishe nani?"

Mke wangu akanitazama. Mama yake alikuwa bado kitandani Nyamongo, kesho yake alikuwa anarudi huko. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyetusindikiza, ghafla akawa na hamu kubwa ya kusoma bango la malaria ukutani. Mkamwana alikuwa nje ya pazia. Nilimwona miguu tu, na ndala zake zenye tope la kwetu.

Nikamwita. Akaingia ameinamisha kichwa. Dada wa mazoezi hakujua lolote la miko yetu. Akamvuta mkono, akamwonyesha: kiganja kimoja chini ya goti, kingine kwenye kisigino, unyooshe polepole, ukitazama ngozi. Kaptura ilikuwa imepandishwa juu. Mkono wa binti ukabaki hewani. Akainua kichwa akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu aje kwangu, akingoja neno langu.

"Shika, mwanangu," nikasema.

Akashika. Mguu wenyewe haukusikia kitu. Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka mbele yao wote, na sikumwambia aache.