Mama wa Ukutani

Prospero, fundi rangi wa mtaa wetu hapa Genova, alikuwa na majivuno ya kukera, ila mkono alikuwa nao, Mungu shahidi. Majumba ya bandarini ni ya karne nyingi, na pale wajenzi wa zamani walipokosa nafasi ya dirisha, sisi huchora la rangi ili safu itimie. Alipopewa kazi ya kupaka upya jumba aliloishi na mama yake, ghorofa ya nne, Prospero alichora dirisha lililo wazi. Ndani yake akamweka mama yake, Beneita, ameegemea ukingo akitazama meli.

"We mtoto, umenianika na aproni yangu ya jikoni!" mama alifoka kutoka barabarani.

"Si ndiyo nguo yako ya kila siku?"

"Na pua yote hiyo ni yangu?"

"Mama, nimeipunguza!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tangu hapo wageni wakawa wanampungia mkono mama wa ukutani, nasi tunawacheka.

Mchana mmoja wa Julai, jiko la gesi lililipuka ghorofa ya tatu. Prospero alikuwa dukani kwangu, mkate wa mafuta mdomoni. Aliutema, akatoka mbio. Moshi ulikuwa umeshajaa ngazini, hapandi mtu.

Wazimamoto wetu walikuwa kwenye meli iliyokuwa ikiungua gatini, kwa hiyo walikuja wa mji wa jirani.

"Mama yangu yuko ghorofa ya nne!" Prospero aliwapigia kelele.

"Tumemwona!" akajibu mkubwa wao.

Ngazi ya gari lao ikapanda moja kwa moja. Nami, mjinga mimi, nikashukuru. Kisha nikamsikia yule mzimamoto kule juu, amenyoosha mkono: "Mama, nipe mkono! Usiogope!"

Alikuwa anaongea na ukuta.

"Siyo huyo!" Prospero alilia. "Huyo ni rangi! La kushoto, lililofungwa!" Kwa jua la Julai nani hapa huacha mbao za dirisha wazi? Wazimamoto wawili wakamshika wakidhani amechanganyikiwa. Sisi sote tukapiga kelele pamoja, hakuna aliyesikika.

Mzimamoto akaushika ukingo wa dirisha. Vidole vikateleza kwenye lipu, akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja. Hapo ndipo walipoelewa. Wakahamisha ngazi, wakavunja mbao za dirisha la kushoto. Beneita alikuwa chini yake, mkono umeelekea komeo. Alikuwa ameshakufa.

Baada ya maziko Prospero alipanda na ndoo ya chokaa. Alifuta ukingo wa dirisha alilochora, akafuta pazia, akafuta mbao zote. Ofisa wa majengo ya kale akaja anahema.

"Unaharibu ukuta wa historia, bwana! Hilo dirisha lina thamani!"

"Dirisha lilikuwa uongo," Prospero alimjibu bila kugeuka. "Mama si uongo."

Hakumgusa. Akamwacha vilevile, na aproni yake na pua yake, ameegemea ukuta mtupu. Nikifungua duka asubuhi namwona. Wageni wanaendelea kumpungia mkono. Hatuwacheki tena.