Akina Mama Wote Walikubali

Sentensi iliyonipandisha mori ilikuwa fupi. Msimamizi wangu wa utafiti aliiandika kwa kalamu nyekundu pembeni ya ripoti yangu: "Sema akina mama wote walikubali." Wote! Nilikuwa nimekaa mbele yake ofisini kwake chuoni Arua, nimetoka Koboko asubuhi ile ile kwa bodaboda, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope, na mtu mwenyewe ananiambia akina mama walikubali. Walikubali nini? Aliwaona wapi?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Koboko, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini. Siku hizi mwalimu wa msingi naye anatakiwa awe na digrii, basi kila likizo tunajazana chuoni Arua, watu wazima wenye watoto wetu, na mwisho wa masomo kila mmoja anafanya utafiti mdogo shuleni kwake. Mimi nilichagua swali lililokuwa likininyima raha: kwa nini wasichana wa darasa la sita wanaacha shule. Sikulitoa kitabuni. Kulikuwa na msichana mmoja mwepesi wa hesabu, mkono juu kabla sijamaliza kuuliza, halafu mwaka jana nafasi yake ikabaki wazi.

Nikafanya kama tulivyofundishwa. Nikawaita wazazi kwa majadiliano ya kikundi. Hedimasta akaja bila kualikwa, akakaa mbele kabisa. Mwenyekiti wa wazazi, mzee mmoja aliyestaafu jeshini, ndiye aliyeanza kusema, kama ilivyo kawaida yetu. "Mabinti naacha shule sababu ya kuolewa," akasema. "Mama zao nataka mahari." Hapo nikawageukia akina mama mmoja mmoja. Wa kwanza akasema, "Iko hivyo." Aliyefuata, "Iko hivyo tu, kama mzee nasema." Ikawa hivyo mpaka wa mwisho, na simu yangu ikarekodi yote.

Sasa, mtu yeyote aliyekulia huku anajua "iko hivyo" ya mkutanoni ni kitu gani. Ni adabu. Mkubwa akishasema humpingi mbele za watu; unaitikia, unakaa, unarudi nyumbani na maneno yako mwenyewe tumboni. Ni sawa na anayeulizwa habari akajibu nzuri, hata kama ameamka na homa. Kulihesabu neno hilo kuwa maoni ya mtu ni kujidanganya, na ndiyo maana niliwafuata akina mama majumbani kwao.

Mama wa yule msichana nilimkuta anabangua karanga. Alivuka kutoka Sudan Kusini na watoto wake, sasa anauza samaki wakavu sokoni. Nikakaa mkekani nikabangua naye. Hakusubiri niulize.

"Madam, ile siku mimi nasema iko hivyo, lakini haiko hivyo," alisema. "Mahari gani mimi nataka? Mutoto yangu alikuwa nabeba maji! Kila siku walimu natuma wasichana kwa pampu, kuchota maji ya nyumba yao. Watu iko mingi pale. Akirudi, somo imekwisha, na mwalimu ingine napiga yeye sababu amechelewa. Kama ni kubeba maji tu, si abebe ya mama yake?"

"Na wakiacha kumtuma?"

"Siku wataacha, kesho yake narudisha yeye. Lakini waseme mbele ya watu. Mimi sitaki maneno ya pembeni."

Nikaenda kwa wengine. Kila nyumba maneno yake, ila jerikani ya maji ni ile ile. Na sisi tunaopanga mjini tulikuwa tunaambiwa ni maji ya uji wa shule! Wenzangu wanaoishi nyumba za walimu wanaoga, wanafua, wanapika kwa masomo ya watoto wa watu, halafu wanakuja darasani kuuliza kwa nini wasichana wanafeli.

Nikayaandika maneno yote, nikayakata vipande, nikavipanga sakafuni: vya ndoa huku, vya maji kule. Fungu la ndoa lilikuwa na sauti ya mzee peke yake, na nyuma yake zile "iko hivyo" zinamfuata. Fungu la maji lilikuwa na watu wenyewe, kila mmoja na kisa chake na jina la mwanawe. Huo ndio uchambuzi niliompelekea msimamizi.

"Madam, data zako zinapingana," alisema. "Kwenye kikundi wamekubali wote kwamba ni ndoa. Haya ya majumbani ni umbea wa wanawake, yatoe. Na hiki Kiswahili cha kambini, cha askari na wakimbizi, usikinukuu, kinatia aibu. Weka jedwali."

Umbea! Nikamwambia kwamba anachokiita kukubali ni heshima tu, na yeye mwenyewe ni mtu wa huku, anajua. Akacheka. "Heshima haina safu kwenye jedwali," akasema, na nisiporekebisha hanipitishi. Nikamshukuru, maana ndivyo tunavyofanya mbele ya wakubwa, hata mimi. Njia nzima mpaka Koboko nilimtukana kimoyomoyo, yeye na jedwali lake na kalamu yake.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa na mkono ndani yake. Kila mtafiti lazima awasilishe matokeo shuleni kwake, mbele ya wazazi na walimu. Nilijua mkutano ule ukisema ndoa tena, akina mama watatukanwa tena, na yule msichana atazeekea kwenye samaki wakavu. Nikaandika maneno ya akina mama kwenye karatasi za manila, kwa Kiswahili chao cha kambini, herufi kubwa kubwa, bila jina la mtu. Nikazibandika ubaoni.

Hedimasta alipozisoma alinitolea macho. "Tuanze na mzee," akasema haraka.

"Samahani, mzee wangu," nikamwambia mwenyekiti. "Leo ninaomba heshima moja. Wewe utufungie mkutano."

Kufunga mkutano ni cheo kikubwa. Mzee akatabasamu, akaweka fimbo yake magotini. "Sawa. Mimi nafunga."

Nikasoma karatasi moja baada ya nyingine. Nilipomaliza, mama wa samaki akasimama. "Ile maneno ya kwanza ni yangu," akasema. "Mutoto yangu iko nyumbani sababu ya maji ya walimu." Akakaa.

Nikamwangalia jirani yake. Jirani akainuka, akasema, "Iko hivyo." Na aliyefuata, "Iko hivyo, kama yeye nasema." Safari hii kila mmoja alisimama wima na hakuna aliyeangalia chini isipokuwa walimu wenzangu. Hedimasta akaanza, "Sasa, wazazi, hebu tuelewane," lakini mzee akainua mkono.

"Mujukuu yangu pia nabeba?" akauliza.

"Pia nabeba, baba," akajibu mkwewe kutoka nyuma.

Mzee akamgeukia hedimasta. "Basi maji ya walimu imekwisha. Mwalimu iko na mikono. Iko hivyo ama haiko hivyo?"

"Iko hivyo, mzee," hedimasta akajibu.

Ningeweza kumrushia chaki. Mtu aliyejua tangu mwanzo, aliyekaa mbele kabisa akisikiliza akina mama wakisingiziwa mahari!

Ripoti yangu ingali Arua. Nimekataa kutoa maneno yao, msimamizi amekataa kunipitisha, na digrii sina. Mwache akae na jedwali lake.

Asubuhi iliyofuata mkutano ule, yule msichana aliingia darasani akaketi mahali pake pa zamani, akatoa kitabu cha hesabu. Alivaa sare ile ile ya mwaka jana. Ilikuwa haifiki tena magotini, na hasira ikanipanda upya, kwa sababu urefu ule wote aliupata akiwa nje ya darasa langu.