Aliyegonga Chini ya Jaruba la Mwisho

Mwezi uliopita nilirudi Nyahanga kumsaidia mama kuvuna mahindi, nikakuta mdogo wangu ameondoka. Alifunga nguo zake mbili kwenye mfuko wa sandarusi, akaenda upande wa Geita, kwenye mashimo ya dhahabu. Mama alikuwa anafagia pale mdogo wangu alipokuwa akilala, akaniletea daftari lililoliwa na mchwa pembeni.

"Hili si lako? Mwandiko wa mtu mwenye wasiwasi huu."

Sikucheka. Nililijua kabla ya kulifungua. Ndani yake mna maswali kumi na tisa, na hakuna jibu hata moja.

Wewe nitakueleza, maana ni kama tumekula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, chungu kimoja. Wakati ule Nyahanga yote ilikuwa majaruba, mashamba ya mpunga yaliyogawanywa kwa kingo za udongo, na maji yalisimama humo yakinuka tope na majani yaliyooza. Mpunga ulipoanza kuweka maziwa, ndege kwelea walishuka kama wingu, na kazi ya kuwafukuza ilikuwa yetu sisi watoto. Tulikuwa na kombeo, tulikuwa na debe bovu la kugonga, tulikuwa na michembe iliyopikwa kwa karanga. Shule niliiacha darasa la tatu kwa ajili ya ugonjwa. Kusoma nilijiendeleza mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa sukari dukani, na kwa sababu hakuna aliyenisahihisha, nilijisahihisha mwenyewe bila huruma. Herufi ikipinda, nilichana ukurasa.

Mkubwa wetu shambani alikuwa binti wa jirani, msichana wa miaka kama kumi na mitano. Tulimwita Dada. Wengine tulikuwa mimi, mdogo wangu, na siku za Jumamosi binti wa Mhindi mwenye duka, ambaye mama yake alimruhusu kuja kwa sharti la kutolowesha viatu. Alivificha kwenye majani akaingia topeni pekupeku kama sisi.

Bibi alikuwa akituonya kwamba hadithi za mchana hupoteza ng'ombe. Dada alikuwa na jibu lake. "Hii si hadithi. Hadithi unaikalia. Hii unaitembea."

Na kweli tuliitembea. Kila mmoja alifinyanga mtu wake wa udongo, na mtu huyo ndiye aliyekuwa yeye. Kila jaruba lilikuwa nchi. Mtemi wa safari ile alikuwa Fisi, amekalia kisima cha kijiji, na hangenyanyuka mpaka aletewe jiwe la njano kutoka shimo lililoko mwisho wa dunia. Ili kuvuka kutoka jaruba moja hadi jingine, ulirusha vipande vinne vya bua la mtama lililopasuliwa. Hata kimoja kikilala weupe ukiwa juu, umepita. Vyote vikionyesha ganda, mtu wako anarudi kuwa tope, na wewe unaanza upya kufinyanga. Mdogo wangu alifinyanga watu sita msimu ule. Binti wa dukani alifinyanga wanne. Mimi nilikuwa na yule yule wa kwanza, amekauka, amekuwa mgumu kama kigae, hana ufa. Nilikuwa navishika vile vipande viganjani muda mrefu hadi wenzangu wanazomea. Usiku nilikuwa nikifanya mazoezi ya kuvirusha juu ya mkeka.

Dada aliijaza njia ile mambo ambayo hakuyaeleza. Kwenye jaruba la tatu bibi mmoja alituomba chumvi, tukampa, akaitupa nyuma ya bega lake akalia. Kwenye la saba mbwa alitufuata na kamba iliyolowa shingoni. Nilidhani majibu yanakuja. Niliyasubiri kama mtu anavyosubiri chakula anachokisikia kikichemka.

Siku ya mwisho tulifika kwenye shimo walikokuwa wakichimba udongo wa matofali, nyuma ya jaruba la mwisho. Tulilala kifudifudi ukingoni, kila mtu na sanamu yake.

"Mmefika chini," Dada alisema. "Kuna taa ya chemli inawaka, lakini hakuna mtu. Jiwe lile pale. Mmelichukua." Kisha akachukua kijiti akagonga debe mara tatu, polepole. "Nyuma ya mwamba kuna mtu anagonga."

"Tumchimbue!" mdogo wangu alisema papo hapo.

"Na kama ni Fisi?" binti wa dukani alimzomea. "Wewe akili zako zimeliwa na kwelea."

"Fisi hagongi. Fisi anacheka."

"Kuchimba ni kurusha mara tatu," Dada alisema. "Mkubwa wa safari ndiye anayeamua."

Mkubwa wa safari nilikuwa mimi, kwa sababu mtu wangu hakuwa amevunjika. Niliwaza juu ya kurusha mara tatu. Nilikuwa nimebakiza hatua chache kumaliza msimu mzima bila kosa. Dada aligonga tena.

"Tunapanda," nilisema.

"Una hakika?"

"Jiwe tunalo. Sheria inasema mchezo unaisha jiwe likifika nyumbani."

Alinitazama. Kisha akakiweka kijiti chini. "Haya. Pandeni."

Jiwe letu lilikuwa kipande cha sabuni ya mche kutoka dukani. Tulipolifikisha, Dada alikata ukingo wa jaruba kwa jembe, maana mpunga ulikuwa umefikia kukaushwa, na maji ya kweli yakatiririka miguuni mwetu. Fisi amenyanyuka! Tulipiga kelele mpaka ndege wakaruka shamba la pili. Dada hakupiga kelele.

Siku tatu sikupata usingizi. Niliandika maswali, nikachana, nikaandika tena, mpaka yakakaa sawa. Nikamfuata Dada kwao, alikuwa anapepeta mpunga. Nilimsomea moja moja. Bibi wa chumvi alikuwa nani? "Sijui." Mbwa alitoka wapi? "Sijui, mdogo wangu, muulize mbwa." Alikuwa hata anacheka, mpaka nilipofika la kumi na nne: nani alikuwa anagonga?

Ungo ulisimama.

"Mlimwacha wenyewe. Halafu unaniuliza mimi?"

"Lakini ulikuwa mchezo."

"Ndiyo. Mngemchimbua basi, kama ulikuwa mchezo."

Na mimi, kwa uhodari wangu wote wa kufuata sheria, nikamwambia, "Lakini wewe unajua. Wewe ndiye uliyekuwa unagonga."

"Nenda kwenu," alisema. Maswali matano ya mwisho sikuyasoma. Baada ya mavuno ng'ombe wa mahari walikuja, akaolewa upande wa Chato. Sijamwona tena.

Miaka miwili baadaye mama aliniambia, tukiwa tunatwanga. Sote tulijua kwamba baba yake Dada "yuko Geita". Mgodi mkubwa ulipofungwa, alibaki na wenzake wakichimba mashimo yaliyoachwa. Siku moja, kabla ya msimu ule wa mchezo wetu, udongo ukaporomoka. Wenzake walimsikia akigonga upande wa pili. Walikuwa wameshapata mfuko wao wa mawe ya dhahabu, wakaogopa mporomoko wa pili, wakapanda. Walikuja wenyewe kumwambia mkewe, wakilia, na Dada alikuwa nyuma ya pazia. Kwa kuwa hapakuwa na mwili, wazee hawakuafikiana kama ni msiba. Matanga hayakuwekwa. Ikaamuliwa iendelee kusemwa kwamba yuko Geita.

Jioni ile nilimponda mtu wangu wa udongo kwa mchi. Alikuwa mgumu kweli. Nilipiga mara nyingi kabla hajavunjika.

Sasa majaruba yamejengwa nyumba. Shimo la udongo limejaa takataka. Duka lina kufuli la mtu mwingine, na hakuna mtoto anayefukuza ndege. Nimelisoma daftari lote, na mwandiko, niseme ukweli, ni mzuri. Hakuna herufi iliyopinda.

Mama ananiuliza kama mdogo wangu atapata dhahabu. Mimi hilo siliwazi. Najua akisikia mtu anagonga atasema nini, alishasema akiwa na miaka saba. Ninachowaza ni watu anaoshuka nao, kama miongoni mwao yupo mmoja makini, asiyekosea, ambaye hajawahi kuangusha vibaya hata kipande kimoja cha bua.